Samaki Waliofungwa kwa Kitenge

Saa tisa na dakika kumi, Jumamosi. Mfuko mmoja wa samaki ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cha kitenge.

Kathini alikiona kitambaa kabla hajawaona samaki wenyewe. Kilikuwa ukanda uliochanwa kwa mkono, wa zambarau wenye maua ya manjano, umezungushwa kwenye shingo ya mfuko na kukazwa kwa fundo dogo bapa. Duka la samaki hufunga mifuko kwa mpira. Alilijua hilo kwa sababu yeye na Patrobas walikuwa wamekwenda dukani pamoja kuchagua, na alikuwa ametazama jinsi muuzaji anavyofunga.

"Umewatoa wapi hawa?" aliuliza.

"Dukani. Si nilikwambia nitapitia?"

Alilisema hilo akiwa ameinama juu ya ndoo ya bluu, na hakuinua uso. Kathini hufanya kazi katika maabara ya zahanati moja kule Donholm. Kutwa nzima watu humwambia wamekula nini na hawajala nini, kisha damu yao humwambia mengine. Hakubisha. Alisogeza kiti, akamwachia nafasi mbele ya tangi.

Tangi lenyewe lilikuwa zawadi. Patrobas, fundi wa mitambo katika kiwanda cha plastiki huko Baba Dogo, alilipandisha mwenyewe hadi ghorofa ya tatu hapa Tassia, kwa Kathini na mama yake, akalipangia kokoto na mimea. Akabeba na maji ya kanjo, yale ya bomba la jiji, kwa mitungi, kwa kuwa maji ya kisima cha jengo hilo yana chumvi. Halafu, badala ya kutia samaki, akasema wasubiri.

Sababu aliyotoa ilikuwa ya kweli. Kathini aliichunguza akaikuta ya kweli. Kinyesi cha samaki na chakula kinachobaki hutoa amonia, nayo amonia huwaunguza samaki mashavu. Viko vijidudu vinavyoila, lakini huchukua muda kuota, na makao yao ni sponji ya kichujio. Ndiyo maana Patrobas alileta sponji kuukuu kutoka tangi jingine lililokomaa, nyeusi, inayonuka kama bwawa, akaitia kwenye kichujio kipya. Ili vijidudu visife njaa, Kathini alinyunyiza chembe za chakula kila asubuhi ndani ya maji yasiyo na samaki hata mmoja.

Mama yake, Ndindi, aliyatazama hayo mwezi mzima akiwa na kikombe chake cha chai.

"Mtu mzima analisha maji," alikuwa akisema. "Kwetu mwanamume akimtaka binti huleta mbuzi. Wewe umeletewa maji, na hata hayo maji tunaambiwa bado hayajaiva."

"Mama, ni kemia."

"Kemia ni ya kazini. Mimi nauliza, kwa nini mwanamume huyu kila kitu chake ni bado? Samaki, bado. Kwenda kwao, bado. Hii sponji chafu ilitoka nyumba ya nani?"

Hilo la mwisho Kathini pia alikuwa akijiuliza. Walikuwa wamependana mwaka mmoja na nusu, na hakuwahi kukanyaga Lucky Summer, anakokaa Patrobas. Mara nyumba inapakwa rangi. Mara maji yamekatika. Mara kuna mgeni. Kesho, baada ya ibada, kaka na shangazi wa Patrobas wangekuja hapa Tassia kujitambulisha kwa Ndindi na kusema wanachotaka. Mama yake mzazi asingekuja. Mguu, alisema Patrobas, unamsumbua.

Kathini alikuwa ameamua jambo bila kumwambia yeyote. Kama leo hangepata jibu lililonyooka, kesho wageni wangeukuta mlango umefungwa.

Patrobas alilaza mifuko miwili juu ya maji. "Waelee kidogo kwanza," alisema, "joto la mfuko lilingane na la tangi. Kisha tutawaongezea maji ya tangi kikombe kikombe, tuwavue kwa wavu. Maji ya mfuko hayaingii."

"Najua. Tulisoma pamoja."

"Najua unajua." Alitabasamu, na lile tabasamu lake la upande mmoja likamchoma Kathini mahali ambapo hakutaka kuchomwa leo. "Napenda tu kukueleza. Ukisikiliza unakunja uso kama hakimu."

Alipiga magoti usawa wa kioo. Katika mfuko wa kwanza walikuwamo neoni, wale wadogo wenye mstari wa bluu unaowaka, pamoja na kambale wadogo wa masharubu wanaokaa chini. Samaki wa aina hizo ndio waliowachagua pamoja: wapole, wa kuishi kwa makundi, wasiotafutana ugomvi. Mfuko wa pili ulikuwa na samaki mmoja tu. Gurami, wa rangi ya lulu, mkubwa kama kiganja. Gurami wa dukani walikuwa wadogo kama kidole gumba. Na huyu alikuwa na pezi la kushoto lililokatika ncha, jeraha la zamani lililopona.

Kathini alimjua samaki huyo. Patrobas alipomtumia picha, miezi mingi iliyopita, aliandika: *tangi la rafiki yangu*. Kwenye picha ile pezi lilikuwa limekatika hivyo hivyo.

Kwa hiyo kulikuwa na rafiki. Rafiki mwenye tangi lililokomaa, mwenye sponji nyeusi, mwenye kitenge cha zambarau na vidole vya kufunga fundo bapa. Wanaume hawachani kitenge kufunga mfuko.

"Mzuri sana huyu," alisema taratibu. "Dukani walikuwa naye mkubwa hivi?"

"Alikuwa wa mwisho."

"Bahati yetu."

"Bahati," alisema Patrobas, akajikuna shingo.

Kathini aliinuka, akachukua kisanduku cha matone ya kupimia maji. "Kabla ya kuwaingiza, nipime."

"Nilipima Jumatano. Ilikuwa njano safi. Amonia sifuri."

"Leo si Jumatano."

Alichota maji kwenye kichupa, akadondosha matone, akatikisa, akakisimamisha dirishani. Wakasubiri rangi. Katika kusubiri huko mkono wa Patrobas ulikuja ukagusa kiwiko chake, kama ulivyozoea, nao mwili wake ukataka kuegemea, kama ulivyozoea. Akauzuia. Chini barabarani mtu wa mitumba alikuwa akiita watu kwa kipaza sauti.

Maji kwenye kichupa yakawa kijani.

Hayakuwa kijani cha kubahatisha. Yalikuwa kijani cha jani la mboga ya sukuma.

"Haiwezekani," alisema Patrobas.

"Soma mwenyewe."

Akakishika kichupa, akakigeuza kwenye mwanga, akalinganisha na kadi. Uso wake ulibadilika. Lakini Kathini hakujua uso huo ni wa mtu aliyeshangaa au wa mtu aliyeshikwa.

"Jumatano ulikuwa peke yako ulipopima," alisema. "Mimi nilikuwa zamu. Uliniambia ni njano, nikaamini."

"Kathini, ilikuwa njano."

"Kama ulivyoniambia ni dukani?"

Patrobas alinyoosha mkono akaitoa mifuko majini, mmoja mmoja, akairudisha ndani ya ndoo. Alifanya hivyo kwanza, kabla ya kujitetea, na Kathini aliliona hilo pia, akaliweka kando kama kitu cha kufikiriwa baadaye.

Ndindi aliingia kutoka jikoni na sinia ya chai. "Mbona wanatoka tena? Wamekataa nyumba?"

"Maji yana sumu, Mama."

"Si niliwaambia? Mwezi mzima mnayapikia chakula!"

Kathini alikuwa ameshafunua kichujio. Aliingiza vidole, akatoa sponji. Ilipaswa kuwa nyeusi na ya utelezi. Ilikuwa manjano, laini, safi kama ya kuoshea vyombo siku ilipotoka dukani. Aliisogeza puani.

Jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe.

Aligeuka, akamtazama mama yake. Ndindi aliweka sinia mezani pole pole, akapanga vikombe ambavyo tayari vilikuwa vimepangika.

"Mama. Nani ameosha hii?"

"Mimi. Alhamisi. Kwani kuna kosa?"

"Kwa jiki?"

"Sasa ulitaka nioshe kwa mate? Kitu kinanuka kama mtaro, na Jumapili nina wageni! Waje wakae kwenye viti vyangu, waseme kwa Mama Kathini kunanuka? Nikailoweka usiku kucha, nikaisugua, nikairudisha. Hakuna aliyenishukuru."

Patrobas aliketi. Kwa mara ya kwanza mchana huo alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyefutiwa shtaka moja. "Mama, umeua mji mzima."

"Wewe kijana usinicheke. Mji gani?"

"Wale vijidudu wanaokula sumu. Walikuwa wanakaa humo."

"Vijidudu!" Ndindi aligonga meza. "Ndivyo vilivyo, vijidudu ni vya kuuawa! Miaka yote nimemlea huyu bila kipindupindu, kwa nini?"

Kathini naye angecheka siku nyingine. Amonia ilikuwa imepata maelezo yake: chakula kiliendelea kuoza, na walaji walikuwa wamekufa Alhamisi. Patrobas hakudanganya kuhusu Jumatano. Lakini gurami wa kwenye picha alikuwa bado ndani ya ndoo, amefungwa kwa kitenge.

"Hawawezi kulala kwenye mfuko," alisema. "Warudishe dukani."

"Duka halipokei samaki wakishatoka."

"Basi tuwarudishe walikotoka."

Mtu wa mitumba aliendelea kuita.

"Patrobas, gurami huyu nimemwona kwenye picha. Fundo hili si la duka. Nakuuliza mara moja tu, na mama yangu anasikia. Nani alifunga huu mfuko?"

Alivitazama viganja vyake. "Mama."

"Mama nani?"

"Mama yangu mzazi."

"Yule wa mguu?" alidakia Ndindi.

"Huyo huyo. Tangi ni lake. Naishi naye, Kathini. Kaka yangu mkubwa alioa kwenu, Kangundo. Walipoachana, mke akaondoka na watoto, na mama hajawaona tena hadi leo. Akaapa hapokei mwingine wa kutoka upande huo. Kila nikitaja jina lako, anainuka anakwenda kulisha samaki. Ningekupeleka umkute hivyo?"

"Kwa hiyo akaamua kunipa samaki wake."

"Juzi ndipo alipowachagua. Akaniambia, 'Mwambie umenunua. Akijua ni wangu atawatunza ili anibembeleze. Nataka kujua anavyotunza kitu wakati hakuna anayemtazama.'" Akainua macho. "Niliapa sitasema. Nimevunja sasa hivi."

Ndindi alikunja mikono. "Hadithi nzuri. Inafaa redioni. Mwanangu, mwanamume mwenye mke nyumbani ndivyo anavyosema: mama yangu, mama yangu."

Kathini alitamani kuamini, na kwa kuwa alitamani, akazidi kutilia shaka. Maneno ya Patrobas yalieleza kila kitu: sponji, picha, fundo, hata rangi ya nyumba isiyokauka. Maelezo yanayotosha kila mahali hivyo huwa ama ni kweli, ama yameshonwa na fundi hodari.

Akabeba ndoo. "Twende."

"Wapi?" aliuliza mama yake.

"Lucky Summer."

"Leo? Kabla watu wao hawajaja kwetu?" Sauti ya Ndindi ilipanda. "Binti hatangulii kwenda! Kesho watakaa hapa waseme nini, kwamba mlijipeleka wenyewe? Utanivua nguo mbele ya ukoo!"

"Siendi kwa mwanamume, Mama. Narudisha samaki."

"Samaki, samaki! Wakifa nitakununulia wengine!"

"Wakifa, tumewaua sisi."

Ndindi akaitazama sponji iliyolala mezani, manjano na safi kabisa. Alichukua shuka kuukuu lililokuwa kwenye kamba, akaifunika ndoo kwa juu ili upepo usiwapige samaki, kisha akaenda jikoni bila kuaga.

Mlangoni Kathini alinyoosha mkono. "Nipe simu yako. Usimpigie mtu."

Patrobas akampa.

Ndani ya teksi ndoo ilikaa mapajani mwa Kathini. Kila gari lilipoyumba kwenye barabara ya Outering, alisikia maji yakigonga plastiki. Patrobas aliweka mkono wake juu ya lile shuka, karibu na wake, pasipo kuugusa. Alikuwa na kovu la mashine kwenye kidole cha shahada. Kathini aliwahi kulibusu. Sasa alilitazama kama mtu anayeangalia saini kuona kama ni ya kughushi.

"Utanisamehe?" aliuliza Patrobas.

"Sijui. Sijaona mlango."

"Na ukishauona?"

"Nitaona ni nani anaufungua."

Akageukia dirisha. "Kumbe ndiyo maana wagonjwa wanakuogopa."

"Wagonjwa hawaniogopi. Wanaogopa majibu."

Nyumba ilikuwa ya chini, yenye geti la kijani na mti wa mpapai mwembamba. Patrobas hakutoa ufunguo. Alibisha, akarudi nyuma hatua moja, akamwacha Kathini mbele na ndoo yake. Ndani kulisikika kitu kikiburutwa, kisha komeo.

Mwanamke aliyefungua alikuwa mfupi, mwenye mvi zilizosukwa mistari. Kiunoni alikuwa amejifunga kitenge cha zambarau chenye maua ya manjano. Ukingo wake wa chini ulikuwa umechanwa, ukanda mzima umekosekana.

Kathini aliutazama ukingo ule muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Ukanda uliokosekana ulikuwa ndani ya ndoo yake.

"Shikamoo, Mama," alisema.

Mama Khavere, mama yake Patrobas, hakuitikia mara moja. Alitazama ndoo. "Wamekufa?"

"Hapana. Wote wazima. Maji yangu yameharibika, kwa hiyo sikuwaingiza."

"Yameharibikaje?"

"Sponji ilioshwa kwa jiki."

"Nani aliyeosha?"

Nyuma yake Patrobas alivuta pumzi kutaka kusema. Kathini akamtangulia. "Ilioshwa nyumbani kwangu, Mama. Nilipaswa kuitazama kila siku. Nilitazama maji tu."

Mama Khavere alimpima kwa macho kutoka viatu hadi kichwa. "Hukuiosha wewe. Mtu anayejua kupima maji haoshi sponji. Ni mama yako, ana wageni kesho." Akasogea kando ya mlango. "Mimi ya kwanza niliiosha kwa sabuni ya unga, nikaitia na maji ya moto. Samaki walikufa wote kabla ya chakula cha jioni. Marahaba. Ingia, usisimame na viumbe kwenye baridi."

Tangi lilijaza ukuta mzima wa sebule. Kiti kimoja kilikuwa kimewekwa mbele yake, na mto wake ulikuwa umebonyea. Kathini alilaza mifuko juu ya maji, akakaa chini sakafuni. Hakuna aliyemwambia akae wapi. Mama Khavere akakaa kwenye kiti chake.

"Huyu wa pezi," alisema, "ulimtambua?"

"Nilimwona kwenye picha."

"Basi ulijua mwanangu anadanganya."

"Nilijua hakununua dukani. Mengine sikuyajua."

"Ukadhani ana mke."

"Ndiyo, Mama."

Patrobas alikohoa kutoka mlangoni. "Mimi nipo hapa, lakini."

"Wewe nyamaza, ulishindwa kutunza siri siku moja." Mama Khavere hakugeuka. "Kama ulidhani ana mke, kwa nini umekuja?"

Kathini alifungua mfuko wa kwanza, akamimina kikombe cha maji ya tangi, taratibu, pembeni, neoni wasishtuke. "Kama yupo, nimwone kwa macho yangu. Kama hayupo, nijue pia. Na hawa walikuwa na haraka kuliko mimi."

Mwanamke yule aliitazama mikono ya Kathini. Vikombe viliendelea. Kathini alivua neoni kwa wavu, kisha kambale, na kila mmoja akapiga mbizi kwenye mimea kama aliyekuwa safarini akakumbuka kitanda chake. Alipofika kwa gurami, alimwacha aingie wavuni mwenyewe. Aliinua macho na kumkuta Patrobas akimtazama, si samaki. Safari hii hakuyakwepa macho yake.

"Mguu wako unaendeleaje, Mama?" aliuliza, macho yakiwa bado kwa Patrobas.

"Mguu gani?" alisema Mama Khavere. "Mguu wangu hauna neno. Nani alisema nina mguu?"

Patrobas alikuwa amegundua jambo la kutazama kwenye dari.

Mama Khavere aliinuka. Alitia mkono kwenye kichujio chake, akatoa sponji nyeusi inayochuruzika, akaagiza kisu. Akaikata katikati. Nusu moja aliirudisha mahali pake. Nyingine akaitumbukiza kwenye mfuko mtupu, akaijazia maji ya tangi hadi ikazama.

"Mwaga maji yote ya tangi lako," alisema. "Suuza kokoto mpaka harufu ya jiki iishe kabisa. Ndipo uitie hii, usiku huu huu, isikauke. Na mwambie Mama Kathini asiiguse. Kesho nikija nitaitazama mwenyewe."

Kisha alichukua ule ukanda wa kitenge kutoka sakafuni, akauzungusha kwenye shingo ya mfuko, akakaza fundo, akalivuta kulijaribu. Patrobas alinyoosha mkono kuupokea. Mama yake akampita, akauweka mfuko mikononi mwa Kathini.